Beki Hana Bao la Kuonyesha

Mwezi wa Julai mwaka 2025 timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilikuwa Morocco katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilifungwa na Mali bao 1 kwa 0. Ikatoka sare ya bao 1 kwa 1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Kisha Ghana wakaifunga mabao 4 kwa 1, nayo ikarudi nyumbani. Katika siku zile jina lililotajwa zaidi vinywani mwa watu ni la Opa Clement, aliyewafunga mabingwa, na hiyo ni haki yake. Lakini leo twapenda kuzungumza na ndugu wasomaji juu ya wale waliosimama nyuma siku ile ya sare, wakiokoa kwa dakika 90, ambao desturi yetu ni kuwataja pale tu wanapokosea.

Twazungumza juu ya beki wa kike ambaye mpira ndiyo kazi yake na ndiyo mshahara wake. Wala hatuzungumzi hivi hivi. Yuko msichana wa kata ya Kaagya, huku Bugabo, kaskazini ya mji wa Bukoba. Na mwenziwe yuko Muleba, upande wa kusini. Hatuwataji majina, maana ni wengi. Jioni hii, wakiisha kuteka maji na kumenya ndizi, pengine wako rweyani, yaani katika mbuga ile ya nyasi iliyo kati ya kijiji na kijiji, wanacheza mpira. Mmoja wao amewekwa nyuma kwa sababu ni mrefu na haogopi. Huyo ndiye tunayetaka habari hizi zimfikie, yeye na wazazi wake.

Yuko Mtanzania mmoja aitwaye Julitha Singano. Ni beki wa Twiga Stars. Alitoka Simba Queens ya Dar es Salaam, akaenda Mexico kuichezea klabu ya FC Juárez katika msimu wa 2022 hadi 2023. Mji wenyewe, Ciudad Juárez, uko mpakani kabisa. Ukivuka mto umeingia El Paso, nchi ya Marekani. Ligi Kuu ya wanawake ya Mexico ilianza mwaka 2017, na mwanzoni haikuruhusu wageni, ilikuwa ya wasichana wa nchi ile peke yao. Watu wakadhani ni mzaha. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei 2018, fainali ya Monterrey na Tigres ilitazamwa uwanjani na watu 51,211. Hapo mlango wa wageni ulipofunguliwa baadaye, ligi ile ilikuwa na fedha na watazamaji, nayo ikatafuta wachezaji hata katika Afrika ya Mashariki. Ndipo beki wetu akapata kazi mahali ambapo lugha si yake, chakula si chake, na saa za huko zimepishana na zetu hata mama akiamka hapa kwenda shambani, mwanawe huko ndiyo kwanza anakwenda kulala.

Jambo la kutazama hapa si umbali wa safari. Ni kwamba aliyeajiriwa ni beki.

Mshambuliaji ana hesabu yake. Amefunga mabao 20, amefunga mabao 30. Hesabu hiyo yaweza kuandikwa kwenye karatasi moja ikapelekwa hata Ulaya, na asiyemjua akamfahamu. Aisha Masaka alipotoka Yanga Princess mwaka 2022 kwenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza, mabao yake yalikuwa yamemtangulia. Vivyo hivyo Clara Luvanga, aliyejiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Lakini beki ataandika nini? Ataandika mabao ambayo hayakufungwa? Kazi yake bora ni jambo lisilotokea. Mshambuliaji wa adui amekimbia upande wa kushoto, akamkuta beki amekwisha fika, akarudisha mpira nyuma. Watazamaji hawakuona kitu. Hakuna aliyepiga makofi. Hata refa hakupuliza filimbi.

Mwandishi wa safu hii alipata kucheza beki wa kulia katika shule ya misheni, akiwa mwembamba kama mwanzi. Kwa miaka minne sikumbuki kushangiliwa hata mara moja, ingawa nakumbuka vizuri sana siku niliyojifunga mwenyewe, maana hata wapishi wa shule walinikumbusha kwa muhula mzima. Natumaini msomaji atanisamehe kwa kuingiza habari zangu.

Wanaojua mpira husema kwamba beki hawezi kupimwa kwa kutazamwa mara moja. Mshambuliaji aweza kutazamwa dakika 10 akafunga bao la ajabu, akachukuliwa. Beki yahitajiwa aonwe mechi nyingi: anasimama wapi mpira ukiwa mbali, anawasemesha vipi wenzake, anafanya nini akiwa amechoka dakika ya 80, anatulia vipi baada ya kukosea. Kwa sababu hiyo, beki hutegemea mambo matatu kuliko mchezaji mwingine ye yote, nayo ni ligi ya kila wiki isiyoahirishwa ahirishwa, mwalimu anayeandika, na mkataba unaomshika mahali pamoja hata ajulikane. Penye upungufu wa hayo, mshambuliaji mwenye bahati aweza kupenya. Beki hapenyi.

Tutazame kwetu. Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ilianza msimu wa 2016 hadi 2017, na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens ya Mkoa wa Pwani. Baada ya hapo kombe limekuwa likipokezanwa na JKT Queens na Simba Queens. Ligi hiyo imezaa matunda, hatuna haja ya kuficha. Mwaka 2022 Simba Queens walikwenda Morocco katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake, wakatoka wa nne. Wengi walisikitika kwamba hawakupata medali. Sisi twawaomba wasomaji watazame hesabu upya: katika mechi 5 walifungwa mabao 3 tu, moja na wenyeji AS FAR, moja na Mamelodi Sundowns katika nusu fainali, na moja na Bayelsa Queens wa Nigeria. Kila mechi waliyoshindwa, walishindwa kwa bao 1. Hizo ni klabu zenye fedha na viwanja ambavyo sisi twaviona kwenye picha. Ukuta uliosimama mbele yao ulikuwa wa wasichana wa Afrika ya Mashariki.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, wadogo zao wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India, nayo ikawa mara ya kwanza kwa timu yo yote ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia. Siku ya kwanza Japani iliwafunga mabao 4 kwa 0. Watu wakatikisa vichwa, wakasema yale yale tuliyozoea kusema. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakatoka sare ya bao 1 kwa 1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa mabao 3 kwa 0. Timu iliyofungwa mabao 4 na siku tatu baadaye ikaruhusu bao 1 tu mbele ya Ufaransa, si timu iliyoshushiwa bahati kutoka mbinguni. Ni timu ambayo walinzi wake walikaa chini, wakafundishika.

Basi, orodha ile ya mabingwa wa Ligi Kuu ukiisoma kutoka juu hadi chini, huoni klabu ya Kagera. Msichana wa Kaagya anayetaka kuwa beki wa kulipwa atauacha mkoa wake. Ataenda Mwanza, au ataenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,300 kwa barabara. Ataondoka akiwa na miaka 15 au 16. Na atakapoondoka, atakabidhiwa karatasi ya kutia sahihi.

Hapo ndipo penye shauri letu la leo. Lakini kabla ya kuifikia karatasi hiyo hatuna budi kuondoa kwanza neno moja njiani, kwa sababu tunajua litasemwa. Litasemwa kwamba mpira si kazi ya wanawake, ni jambo la kuiga Wazungu. Wanaosema hivyo hawajui kwamba Wazungu wenyewe ndio waliojitahidi kuuzima. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park, mji wa Liverpool, wanawake wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wakiitwa Dick, Kerr Ladies walicheza mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka mmoja haujapita, tarehe 5 Desemba 1921, chama cha mpira cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kucheza katika viwanja vya klabu zake, kikisema kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilikaa karibu miaka 50. Waliotuletea mpira walituletea nusu yake, nao walijua wameacha nusu nyingine nyumbani. Ajabu ni kwamba leo Uingereza imetwaa ubingwa wa Ulaya wa wanawake mwaka 2022 na tena mwaka 2025, na huku kwetu bado wako watu wanaoilinda ile amri ya 1921 kana kwamba ni mila ya babu zetu.

Liko neno la pili, nalo ni gumu zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka 2021, katika hafla ya kuwapongeza vijana wetu wa kiume, Rais Samia Suluhu Hassan alizungumza juu ya maumbo ya wachezaji wa kike na bahati yao ya kuolewa. Maneno hayo yaliwachoma wengi, na waliochomwa walikuwa na sababu. Mtu aliyeitumikia jezi ya taifa hapendi kupimwa kifua. Lakini katika mazungumzo yale yale lilikuwamo swali jingine, ambalo katika ghadhabu ya siku zile lilifunikwa: je, wasichana hawa wanaotuletea vikombe, miguu yao ikichoka, watakuwa na maisha gani? Kwa maoni yetu swali hilo lilistahili kujibiwa zaidi kuliko lilivyojibiwa. Halijibiwi kwa kumwambia msichana aache mpira, wala halijibiwi kwa kumpigia makofi. Hujibiwa na mkataba, na shule, na daktari.

Kwa beki habari hii ina upande wa faraja. Beki akitunzwa, hudumu. Onome Ebi wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1983, alikwenda Kombe la Dunia la kwanza mwaka 2003, na mwaka 2023, akiwa na miaka 40, alikuwamo tena katika timu ya nchi yake: fainali 6 za dunia. Katikati ya miaka hiyo mkate wake aliutafuta Sweden, Uturuki, Belarus na China. Wendie Renard alizaliwa Martinique, kisiwa cha Bahari ya Karibi kilicho mbali na Paris kuliko Kaagya ilivyo mbali na Dar es Salaam mara nyingi. Alikwenda kujaribiwa katika kituo cha taifa cha Clairefontaine, wakamkataa. Akaenda Lyon mwaka 2006, akiwa na miaka 16, wakamchukua, naye akawa nahodha, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Ulaya mara 8 alipokuwamo. Twamtaja kwa sababu nyingine vile vile. Mwezi wa Februari mwaka 2023, akiwa nahodha wa Ufaransa, alitangaza kwamba hataichezea timu ya taifa katika hali iliyokuwako, kwa ajili ya afya ya nafsi yake. Mwezi uliofuata mwalimu akaondolewa, na Renard akarudi akaenda Kombe la Dunia. Angethubutu kusema hivyo asingekuwa na klabu inayomlipa na jina linalomlinda? Sisi twadhani ingekuwa vigumu.

Sasa turudi kwenye karatasi ya msichana wetu.

Jambo la kwanza, mtoto aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba peke yake kwa sheria ya nchi yetu. Mzazi au mlezi yumo. Kwa hiyo mzazi wa Kaagya asikubali kuambiwa kwamba mambo ya karatasi ni ya klabu, yeye atie dole tu. Yeye ndiye mwenye mkataba.

Jambo la pili ni kanuni za FIFA, ambazo zimeandikwa kwa ajili ya kila mchezaji wa kulipwa duniani, wa kike kama wa kiume, lakini watu wetu wachache wamezisoma. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba wa zaidi ya miaka 3. Mtu mzima hafungwi kwa zaidi ya miaka 5. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama wazazi wake kuhamia huko kwa jambo lisilohusu mpira. Sasa, ndugu msomaji, akija mtu Muleba na gari zuri, akisema kwamba atampeleka binti wa miaka 16 kucheza mpira wa kulipwa Uturuki au Uarabuni, wewe huna haja ya kubishana naye juu ya mpira. Muulize tu kanuni hiyo. Ukiona anatafuta funguo za gari, umepata jibu. Nasi twaongeza kwamba mtu wa namna hiyo si wa kuachwa aende zake. Ni wa kupelekwa kwa polisi, maana biashara ya kusafirisha watoto ina sura nyingi na mpira ni mojawapo.

Jambo la tatu ni mshahara. Klabu ikikosa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi 2 isivyo halali, kanuni hizo zampa haki ya kuiandikia barua ya kudai, kuipa siku 15, na isipolipa aweza kuuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Twayasema haya kwa sababu beki ndiye wa mwisho kukumbukwa mfuko wa klabu unapopungua. Aliyefunga mabao hupewa kitu kidogo ili asinung'unike. Beki huambiwa avumilie. Tumezungumza na wasichana walioicheza ligi yetu kwa miaka kadhaa wakirudi makwao na viatu tu, na walipoulizwa mkataba uko wapi, walisema walitia sahihi nakala moja, ikabaki ofisini. Hatutaji klabu, wala hatudai kwamba zote ziko hivyo. Twasema kwamba nakala ya mkataba ni mali ya mchezaji kama viatu vyake, na zaidi ya viatu.

Jambo la nne ni uzazi, nalo tusilionee haya. Tangu Januari mwaka 2021 kanuni za FIFA zampa mchezaji wa kike likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na kati ya hizo wiki 8 ziwe baada ya kujifungua, akilipwa si chini ya theluthi mbili za mshahara wake. Na klabu haina ruhusa ya kumwondoa kwa sababu ya mimba. Kanuni hiyo haikukaa kitabuni. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliishtaki klabu yake kubwa, Lyon, kwa kumkata mshahara alipokuwa mjamzito, naye akashinda. Ikaamriwa alipwe zaidi ya yuro 82,000. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa kike siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Karani wa Bukoba anaijua haki hiyo. Mwalimu wa Muleba anaijua. Beki aliyeajiriwa na klabu naye ni mfanyakazi, lakini ni nani aliyemwambia?

Halafu kuna goti. Katika mpira wa wanawake kano ya ndani ya goti hukatika mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Waganga wamelithibitisha hilo kwa muda mrefu, ingawa sababu zake bado wanazijadili. Beki, kwa kugeuka ghafla kumfuata mtu, yumo hatarini kila siku. Leah Williamson, beki wa Arsenal na nahodha wa Uingereza, alikatika kano hiyo mwezi wa Aprili mwaka 2023. Alilikosa Kombe la Dunia la mwaka ule. Alipasuliwa, akafundishwa kutembea, kisha kukimbia, akarudi uwanjani Januari 2024, na mwaka 2025 akanyanyua tena kombe la Ulaya. Miezi 9 ya matibabu, na mshahara unaingia. Mfano wa msichana wetu aumie vivyo hivyo katika kiwanja chenye mashimo. Atafungwa bandeji, atapewa dawa ya maumivu, ataambiwa apumzike wiki 2, naye atapanda basi arudi kijijini. Mama yake atamkanda kwa maji ya moto na majani. Mkataba usiotaja nani atalipa gharama za goti ni mkataba wa msimu mmoja, hata kama umeandikwa miaka 3.

Wako watakaosema kwamba tunamtisha msichana na wazazi wake. Sivyo. Mkulima wa kahawa wa Kagera anajua tofauti kati ya kuuza kahawa iliyokaushwa na kuuza ua la kahawa likiwa bado mtini kwa mlanguzi, jambo ambalo limewaumiza watu wetu kwa vizazi. Anayeuza ua hujua bei ya leo tu. Twaogopa kwamba mabinti wetu wanauzwa wakingali ua.

Na upande wa kijiji, hasara ni hiyo hiyo. Katika mpira wa wanaume, klabu iliyomlea kijana hupata fidia ya mafunzo anapopata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nchi nyingine. Kwa miaka mingi kanuni ilisema wazi kwamba fidia hiyo haihusu mpira wa wanawake. Nia yao ilikuwa njema, wakiogopa kwamba gharama zitawafungia wasichana milango. Lakini maana yake kwa Kaagya ni kwamba mwalimu aliyemfundisha beki kwa miaka 6, akimnunulia soksi kwa mshahara wake, hana anachodai beki huyo akiajiriwa ng'ambo. Asante atapewa kwa mdomo, kama itakumbukwa. Shirikisho letu la mpira lina kiti katika mikutano ya Afrika na ya dunia. Hilo ni jambo la kulisemea huko kila linapozungumzwa.

Lakini mengine hayangoji Zürich wala Dar es Salaam. Rweya nyingi za Bukoba na Muleba zimepandwa miti, na zilizobaki zinamegwa. Hatupingi miti. Twaiomba Halmashauri ya kila wilaya, kwa kupitia madiwani, ipime angalau kiwanja kimoja katika kila kata, kiandikwe, na katika ratiba yake ziwekwe siku 2 za wasichana ambazo hazinyang'anywi wavulana wanapokuwa na mechi. Kaitaba ni uwanja mzuri, una nyasi bandia, nao umeona ligi kubwa. Lakini Kaitaba iko mjini, na msichana wa Kaagya hawezi kutembea hadi huko kila jioni na kurudi kabla ya giza. Mzazi anayemkataza asiende usiku hamwonei.

Walimu wa shule za sekondari nao wana neno la kusikia. Msichana anayejua kusoma vizuri ndiye atakayeusoma mkataba wake. Klabu inayomtaka binti wa kidato cha pili na ioneshe, kwa maandishi, atasoma shule gani huko aendako na nani atalipa ada; isipoonesha, asubiri amalize. Tangu Novemba 2021 hata aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba ameruhusiwa kurudi darasani, kwa hiyo aliyekatiza kwa ajili ya mpira, goti likamrudisha nyumbani, asione kwamba mlango umefungwa. Mwalimu mkuu asimwone kama mkosaji aliyeomba msamaha.

Afisa Utamaduni wa wilaya, ambaye michezo iko mikononi mwake, twamwomba jambo dogo lisilohitaji bajeti. Haki hizi tulizozitaja, za mkataba, mshahara, uzazi na matibabu, aziandike kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa mmoja, zibandikwe kwenye ofisi ya kata ya Kaagya na katika kata nyingine zote, pale pale panapobandikwa matangazo ya mbolea na ya chanjo. Mzazi atakayeletewa karatasi na klabu aende nayo hapo, aziweke mbili hizo pamoja, amwite mtendaji au mwalimu amsomee mstari kwa mstari, na asitie sahihi siku ile ile.